Mguu wa Valentina

Nachingwea,
12 Machi 1950

Dada yangu Valentina,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi mzima, na kama karatasi hii imekufikia ujue Mwamini wa Nanganga bado ni rafiki yako, maana nimeipitisha kwake. Dereva wa lori la karanga ataishusha kwenye banda lake la chakula, naye atatafuta mtu anayekuja Malolo. Ukimwona mshukuru.

Nimebadilishwa kazi. Sing'oi tena visiki kwa Wazungu wa mashamba ya karanga. Usicheke: sasa ninalea panya. Si hawa wetu wa ghalani. Hawa ni weupe pee, macho mekundu, na wameletwa kwa ndege kutoka Nairobi. Mimi tangu nizaliwe sijapanda ndege, panya wamepanda.

Bwana wangu ni Daktari Hobdei. Ana nyumba ya mabati aliyoijenga mwenyewe, na ndani yake anachunguza jinsi dawa zinavyozima maumivu. Asubuhi ninamwingiza panya kwenye mrija wa kioo, mkia unabaki nje. Daktari anawasha taa ndogo yenye joto kali chini ya mkia na kutazama saa. Panya akiuvuta mkia, taa inazimwa, tunaandika. Mnyama hana mdomo wa kusema naumia, kwa hiyo mkia ndio unaosema. Wengine tunawachoma kwanza sindano ya mofini. Hao mkia unatulia juu ya moto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hapo Daktari huniambia, "Severini, zima wewe," kwa sababu tusipozima utaungua na mwenyewe hatatwambia.

Siku za mwanzo nilisikia huruma mpaka chakula kikanishinda. Nimezoea, lakini si kabisa.

Niandikie habari za Mama na za mpwa wangu Dionisia, na kama Ignasi ameleta neno lolote kutoka kwenye mashamba ya mkonge. Mumeo hayupo, baba hatuna, kwa hiyo mzigo wa nyumba hiyo ni wangu. Mimi ndiye mjomba. Kukiwa na shida usinifiche, na Daktari huyu ni mtu anayesikiliza.

Kaka yako,
Severini


Malolo, Ruangwa,
9 Aprili 1950

Kaka Severini,

Milele amina. Barua yako Mama alitaka niisome mara ya pili, akawa ameziba mdomo kwa kanga akicheka. Anasema alikupeleka shule ya misheni ili uwe mwalimu, umekuwa mchungaji wa panya. Sisi huku tunawatega, nyie huko mnawapa dawa wasiumie. Mwulize Daktari kama anahitaji wengine, ghala letu limejaa na hawataki ndege, watakuja kwa miguu.

Dionisia anatembea na kuangusha kila kilichosimama. Ignasi kimya. Mkonge umemmeza.

Mimi sijambo ila mguu. Mguu wa kushoto unaniuma tangu wakati wa kupalilia, na hata nikiketi hauachi. Mama ananikanda kwa majani. Usihangaike, ni mguu tu. Lakini nilitaka kukuuliza, kwa kujua tu: hiyo mofini hupewa na watu, au ni ya panya peke yao?

Dada yako,
Valentina


Malolo,
9 Aprili 1950

Mwamini ndugu yangu,

Nimempa mtu mmoja barua mbili. Ya kaka ipitishe Nachingwea. Hii ni yako, isome ukiwa peke yako.

Si mguu. Ni titi la kushoto. Lilianza na donge dogo kama punje ya korosho, nikadhani maziwa yameganda, nikamwachisha Dionisia kunyonya kabla ya wakati. Maziwa yalikauka, punje haikuondoka. Sasa ngozi juu yake imekuwa ngumu na maumivu yanakwenda mpaka kwapani. Mama ameona. Anakwenda kulia shambani, akirudi anasema ni moshi.

Najua utakalosema. Utasema kaka yako anafanya kazi kwa daktari, kwa nini usimwambie. Lakini wewe ulikuwepo. Tulikaa ndani pamoja tulipochezwa unyago, na bibi zetu hawakujali nani anakwenda kwa padre na nani anakwenda msikitini. Unakumbuka walichotufundisha: mbele ya kaka yako huna titi wala huna tumbo, una mikono na miguu tu. Basi nimempa mguu.

Nikimwandikia neno lile hatanitazama tena usoni, wala mimi sitamtazama. Ataacha kuja hapa, si kwa ubaya, kwa aibu. Na mimi namhitaji awe mjomba wa Dionisia, zaidi sasa kuliko jana. Labda dawa ikifika haitajua kwamba iliombwa kwa ajili ya mguu.

Wako,
Valentina


Nachingwea,
21 Mei 1950

Dada yangu,

Nimempelekea Daktari habari za mguu wako, akaniuliza maswali kama karani wa kodi. Umevimba? Ulianguka? Unaukanyagia? Nikasema sijui, ameandika mguu tu. Akasema mguu wa mtu aliyetoka kupalilia hautaki mofini, unataka kupumzishwa. Watu hupewa, ndiyo, lakini ni wale wenye maradhi mazito, aliyevunjika vibaya au mwenye uvimbe mbaya mwilini. Imefungiwa kabatini na ufunguo hauondoki mfukoni mwake. Alitaka uje akuangalie mwenyewe. Njoo, Valentina. Dereva namjua, atakuketisha mbele.

Kwa sasa amekupa vidonge hivi. Si vya maumivu hasa. Ni dawa nyingine tunayoijaribu, ya kuchangamsha, Wazungu huimeza wakiwa wamechoka na kazi haijaisha. Panya akipewa hakai. Anazunguka kizimba, chakula hataki, usingizi hataki, utadhani amesikia ngoma. Meza kimoja asubuhi, jioni usimeze.

Nikupe kisa cha kukuchekesha. Kuna panya jike mmoja ambaye hakuuvuta mkia, na hatukumpa dawa yoyote. Nikamwambia Daktari, huyu haumwi. Akaniambia niweke kidole kifuani pake. Moyo ulikuwa ukipiga mbio ajabu. "Anaumia sana," Daktari akasema, "ila amekuogopa, kwa hiyo amejikausha." Tangu hapo nawashika kwanza kwa upole, nawapapasa mpaka wanizoee, ndipo tunawapima. Ukitaka panya akwambie ukweli, lazima kwanza asikuogope. Huyo jike sasa ni rafiki yangu, hulala kwenye mkono wa shati.

Msalimie Mama, mwambie ualimu nimeupata, wanafunzi wana mikia.

Severini


Nanganga,
30 Juni 1950

Valentina,

Salamu nyingi. Unanijua mimi na kalamu hatupatani, shule niliiacha mapema nikaolewa, kwa hiyo nitasema kavukavu.

Vidonge vya kaka yako nimevipitisha lakini roho yangu haikutaka. Mtu ameomba maji ya kuzimia moto, analetewa ngoma acheze. Na kosa si lake. Wewe ndiye uliyemwonyesha moto usiokuwepo.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hao hao waliotufundisha ya mikono na miguu ndio walisema na hili. Niruhusu nimwandikie mimi. Mimi si dada yake. Kwangu kaka yako ni mwanamume tu kama hawa wanaokuja kula wali hapa na kulalamika kwamba mchuzi mwepesi. Mimi neno lile linanitoka mdomoni bila shida. Niambie ndiyo, nalituma na lori la kesho.

Mwamini


Malolo,
20 Agosti 1950

Kaka Severini,

Vidonge vyako vimenisimamisha. Nimemaliza kuvuna ufuta, nimekandika ukuta wa jikoni upya, na Mama ananifuata nyuma akisema kaa chini, kaa chini. Jumapili nilikwenda misheni kwa miguu na kurudi, nikaimba mpaka Dionisia akaniziba mdomo. Chakula sikitamani, lakini nakunywa uji ili Mama aridhike. Nimepungua kidogo. Wanawake kisimani wanasema nimerudi usichana, na mimi nimeliacha liwe hivyo.

Mguu wa kulia bado upo, ila mchana nikiwa na kazi unanisahau. Nitumie vingine kama Daktari hana kinyongo. Kuja Nachingwea siwezi, korosho zinakaribia na Mama mgongo wake si wa kuinama.

Huyo panya wako jike nimempenda kuliko wote. Mpe salamu zangu.

Valentina


Nachingwea,
8 Oktoba 1950

Dada yangu Valentina,

Barua yako imenifurahisha mpaka nikaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Na Saturnini, dereva wetu, alipita Malolo kuchukua mihogo akakuona ukilima huku unaimba. Nilimwambia Daktari, akasugua mikono yake kama mtu aliyeshinda bao. Lakini mguu huu ni wa ajabu. Uliniandikia wa kushoto, sasa ni wa kulia. Au na wenyewe umeajiriwa na Wazungu wa karanga, leo kambi hii, kesho kambi ile? Vidonge vingine nimevifunga humu.

Sasa tunawapa panya dawa zote mbili kwa pamoja. Mofini peke yake humfanya asinzie, kichwa kinaanguka. Ya kuchangamsha peke yake humkimbiza huku na huku, na moto anausikia karibu kama kawaida. Zikikutana, panya yu macho, anatembea, anasafisha masharubu, na mkia hausikii moto kwa muda mrefu kuliko kwa mofini pekee. Daktari anasema hii itawafaa watu walio karibu kufa. Watapata kuagana na ndugu zao wakiwa wanajitambua na bila kuumia. Nilimtazama alipokuwa akisema hivyo nikaona kazi yetu si upuuzi.

Jambo moja limenihuzunisha. Nilichelewa kuzima taa. Panya alikuwa amepewa dawa zote mbili, akarudi kizimbani anacheza kama kawaida, na mimi nikadhani hakuna neno. Kesho yake ndipo nikaona mkia umeoza ncha. Nilijisikia vibaya siku nzima. Ukimtazama anavyorukaruka huwezi kujua kwamba anaungua.

Kuna mzee mmoja, seremala, ambaye Daktari anamtibu. Ana uvimbe mbaya shingoni na aliuficha chini ya kilemba mpaka ukamshinda. Daktari alimgombeza kidogo, kisha akaanza kumchoma mofini. Siku hizi mzee anatutania na kula ugali wake. Kupona hataweza, anajua. Daktari husema, "Mtu akinionyesha mahali panapouma, nitamsaidia hata kama siwezi kumponya." Nakupa habari hii kwa sababu uliniuliza kama dawa hupewa watu.

Kaka yako mwenye furaha,
Severini


Malolo,
26 Novemba 1950

Mwamini,

Utasamehe mwandiko. Nashika kalamu kwa mkono wa kulia na wa kushoto hauinuki tena hata kushika karatasi, Dionisia ndiye anayenishikia, na kusoma hajui, kwa hiyo sina wasiwasi.

Habari za yule seremala nimezisoma mpaka karatasi imelainika. Wewe uliziona? Mtu akinionyesha mahali panapouma. Nilikaa nazo, kisha nikachukua kalamu na kuandika, "Kaka, si mguu." Nikaishia hapo. Nikaona uso wake akisoma, na wenzake wamemzunguka, maana ameniambia huwa anasoma kwa sauti. Nikaitia jikoni ikaungua.

Limepasuka. Mama anafunga kwa majani ya mpera na vitambaa, na harufu haifichiki. Dionisia amehamia kwenye mkeka wa bibi yake. Alisema, "Mama unanuka," akalia kwa kunionea huruma, kisha akahama. Hilo limeniuma kuliko kidonda.

Vidonge navyo nimevichoka. Nikimeza, mwili unaamka na maumivu yanaamka pamoja nao, nafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Nikiacha naanguka kama gunia. Saturnini alinisikia nikiimba, sawa. Nilikuwa naimba ili nisipige kelele. Tangu tutoke unyagoni sijawahi kulia mbele ya Mama, lakini wiki hii nimelia. Kufa sikuogopi sana, Mwamini. Naogopa haya maumivu.

Usimwandikie kaka. Bado nakataa. Lakini njoo. Nataka kumshika mkono mtu ambaye simdanganyi.

Valentina


Malolo,
17 Desemba 1950

Bwana Severini,

Mimi ni Mwamini. Barua zenu zote zimepita mikononi mwangu mwaka mzima na sijaingilia. Leo naingilia.

Naandika neno ambalo dada yako hawezi kuliandika wala mama yako hawezi kulisema. Mguu wa Valentina hauna kitu. Hakuna wa kushoto wala wa kulia. Ni titi. Lina kidonda ambacho ukikiona hutakula, na kimeshamla mpaka kwapani. Anaumwa mpaka anauma kanga isitoke sauti. Vidonge vyako vilimfanya alime akiwa katika hali hiyo, nawe ukafurahi. Sikulaumu. Ulipewa mguu ukatibu mguu.

Alinikataza kukuandikia. Nimevunja neno langu na nitalijibia mimi. Sikuandika tangu Juni kwa sababu nilimheshimu, na heshima hiyo sasa naiona chungu.

Njoo na Daktari wako. Mwambie ni ugonjwa kama wa yule seremala. Aje na ile dawa ya kabatini, na ile ya mbio pia kama zikichanganywa zinafanya ulichoandika. Njooni upesi, mvua imeanza na mito itajaa. Na nakuomba kama ndugu: ukifika usimwonyeshe kwamba unajua. Hiyo aibu ameibeba mwaka mzima ili wewe usiibebe. Usimtupie sasa.

Barua hii anaibeba Saturnini mwenyewe, nimemsimamisha barabarani.

Mwamini


Malolo,
28 Januari 1951

Dada Mwamini,

Nakuita dada kwa sababu ya uliyoyafanya. Najua uliondoka Malolo kabla hatujafika, kwa ajili ya homa ya mwanao, na kwamba habari ya msiba ulishaipata barabarani kama watu wote. Lakini ya ndani hukuyapata, na wewe una haki nayo kuliko mtu yeyote.

Barua yako nilipewa na Saturnini mlangoni pa nyumba ya panya. Nilisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaenda kuketi ndani, kwenye kiti cha Daktari, jambo ambalo sijawahi kufanya, naye alipoingia hakuniambia niondoke. Nilimweleza kwa kutazama sakafu. Hata kwake neno lile nililizunguka, nikasema "kama seremala, lakini kifuani". Akachukua ufunguo mfukoni. Gari lilikwama matopeni njiani na tukasukuma, na mto ulituzuia mpaka maji yalipopungua. Tulifika Noeli imepita.

Daktari aliingia chumbani na Mama. Mimi nilibaki nje, nyuma ya ukuta. Alipotoka alinawa mikono muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa nini alisema mguu?" Nikamjibu kwamba ni kwa sababu mimi ni kaka yake. Aliniangalia, hakuelewa, na sikuwa na nguvu za kumfafanulia.

Alimchoma mofini, na ya kuchangamsha akampa kidogo. Jioni ile tukasikia mtu anauliza chakula kipo wapi. Mwamini, alikaa kitako. Kidonda Daktari alikuwa amekiosha na kukifunga kwa bandeji safi, na harufu ilipungua mpaka Dionisia akarudi mwenyewe kwenye mkeka wa mama yake, akalala na kichwa pajani pake. Mama alikuja kuniambia hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Mimi niliweka kigoda nje, penye ukuta alioukandika mwezi wa nane, na tukazungumza hivyo siku zote alizobakiza. Aliniambia, "Kaka, mguu umepoa." Nikamwambia namshukuru Mungu, nikamwuliza ni wa kushoto au wa kulia. Akacheka mpaka akakohoa. "Yote miwili," akasema. Aliniuliza hali ya yule panya jike. Nikamwambia yu mzima na ana watoto. Panya yule alikwisha kufa tangu Novemba. Akasema, "Vizuri. Na wewe lea vizuri." Nilijua hazungumzii panya. Nikamjibu kwamba Dionisia hatalala njaa mahali nilipo, na wala hataniogopa.

Mara nyingi neno lilinifika kwenye ulimi. Nilitaka kusema, Valentina, najua, nisamehe, nilikutumia vidonge vya kukimbia wakati unaungua. Nikakumbuka ulivyoniomba. Alikuwa ameujenga huo mguu kwa shida, barua kwa barua, na ndani yake tulikuwa kaka na dada bado. Nikauacha ulivyo. Alikufa siku moja kabla ya sikukuu ya Wafalme, yu macho, haumwi, mkono wake umo mkononi mwa Mama, na mimi nasikia sauti yake ukutani inapungua.

Lakini kuna kitu hakinitoki. Ni mimi niliyemwandikia habari za panya aliyejikausha kwa woga. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba asiyeuvuta mkia huenda anaumia kuliko wengine, na kwamba ukitaka ukweli wake lazima kwanza asikuogope. Nikaifunga barua, nikaituma, na mimi mwenyewe sikuisoma. Dada yangu aliisoma. Alielewa yote na akaniandikia kwamba amempenda panya jike.

Daktari amerudi Nachingwea. Watu wanasema kazi ya karanga inafungwa na Wazungu wataondoka. Mimi sirudi. Ile taa siwezi kuiwasha tena, ingawa najua ni kwa taa ile dada yangu alikufa bila kulia, na mambo haya mawili hayakubaliani kichwani mwangu. Nitalima hapa. Ignasi tumempelekea habari, hajaja.

Nimalizie la mazishi. Wanawake walimwosha, na mimi sikuwepo, ndivyo ilivyo. Walipomtoa alikuwa amefungwa sanda vizuri, kifua kimefunikwa mara mbili, hakuna kilichoonekana. Mjomba wetu Eustakio na mimi tulishuka kaburini kumpokea. Yeye alishika kichwani, mimi nikapewa miguu. Niliipokea kwa mikono yote miwili, na kabla ya kuilaza niliipapasa juu ya nguo, visigino, nyayo, vifundo, kama mtu anayetafuta mahali panapouma. Watu juu walidhani naiweka sawa.

Ilikuwa mizima, Mwamini. Yote miwili.

Severini